Miti Minne ya Banda la Mkurugenzi

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Natumaini kifua cha mdogo kimetulia, na kwamba shemeji na mgongo wake wamepatana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma mbele. Mvua imetukumbuka mwaka huu. Kabichi zimefunga vizuri, mchicha unatushinda kuchuma, na nyanya nitazifikia.

Najua utashangaa kupata barua nyingine wakati simu ninayo. Ningekupigia ungeniuliza habari, ningesema njema, tungecheka kidogo, basi. Nimeshafanya hivyo mara nne tangu mwezi uliopita. Kwenye karatasi sikusikii ukivuta pumzi, kwa hiyo labda nitafika mwisho. Muuza maziwa anakuja mjini kesho na ameniahidi atakukabidhi mkononi. Nataka uisome kabla ya Jumamosi, siku unayokuja kumchukua baba.

Nianze na hali ilivyokuwa mpaka jana: baba ameshafungasha. Mashati mawili, suruali ile ya kijivu, na redio aliyoifunga kwa taulo. Kila siku ananiuliza kama kweli ameifungasha redio. Namwambia ndiyo, naye anafungua begi kuhakikisha. Halafu anatoa karatasi mfukoni na kuandika: redio, tayari. Ana karatasi nyingi siku hizi. Moja inasema amefunga bomba. Nyingine inasema amekula asubuhi. Ukimwona utasema ulifanya vizuri kuamua aje akae kwako, na mimi mwenyewe ningesema hivyo kama nisingejua ninachokijua.

Bandani haingii tena. Funguo alinikabidhi wiki ileile vitoto vya nguruwe vilipokufa, akasema mtu asiyejiamini asishike roho za wanyama. Mkurugenzi bado anaijua sauti yake. Baba akikohoa kwenye kizingiti cha jiko, yule nguruwe anasimama, anaweka pua juu ya ukuta na kunung'unika kama bosi aliyecheleweshewa chai. Zamani baba angemjibu kwamba mheshimiwa asubiri, pumba inakuja. Sasa anatazama chini na kuendelea kumenya viazi. Watoto wanne wa Mkurugenzi waliobaki wamenenepa, wanakimbizana bandani mpaka unacheka bila kupenda. Hajawahi kwenda kuwaona.

Katika barua yangu iliyopita nilikueleza mambo yalivyokuwa, na ni barua ile iliyokufanya uamue. Naomba uvumilie nikueleze tena, maana mara ile sikueleza vizuri.

Unakumbuka jinsi Mkurugenzi anavyolala. Hashuki polepole kama wenzake, anajiachia wote kwa mara moja, kama gunia la mahindi likitupwa kutoka garini. Ndiyo maana kila akikaribia kuzaa, baba hupigilia ile miti minne ya kinga kuzunguka ukuta wa ndani: shubiri moja kutoka sakafuni, shubiri moja kutoka ukutani. Mama akishuka, vitoto vinateleza nyuma ya mti na kupona. Wewe ulikuwa ukimshikia misumari kabla hujaolewa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kupoteza zaidi ya kitoto kimoja au viwili.

Safari hii alizaa Alhamisi mchana, siku tano kabla ya hesabu yetu. Baba alikuwa amempelekea mpishi wa shule mchicha. Aliporudi alipitia bandani, akakuta vitoto kumi na moja, saba vimelaliwa. Kinga haikuwepo. Aliniita, nikaja mbio nikamkuta amesimama anatazama ukuta. Alisema, "Mimi niliiweka hii miti." Kisha akatazama viganja vyake, akaniuliza, "Au sikuiweka?"

Daktari wa mifugo alipokuja kuwaangalia waliobaki, naye aliuliza kinga iko wapi. Baba akasema anakumbuka aliipigilia Jumatatu. Daktari akanigeukia. Hapo nilijibu, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba huenda baba alipanga tu kuiweka, na kwamba siku hizi anasahausahau, juzi aliacha bomba wazi mpaka vitalu vikafurika. Daktari akatikisa kichwa na kumwambia baba kwamba umri una mambo yake, awaachie vijana. Baba akamshukuru. Jioni ileile nikakuandikia wewe.

Sasa nasema, dada. Baba aliiweka miti. Jumatatu aliipigilia yote minne, nilimsikia akigonga na kuimba. Jumatano asubuhi mimi niliing'oa.

Nyanya zilikuwa zimezaa mpaka zinalala chini kwa uzito, na vigingi vyetu vimeoza. Baba alikuwa ameniambia tangu mwezi uliotangulia nikakate vigingi vipya kule bondeni, nami kila siku nilikuwa na sababu. Mwenye duka la mboga alikuwa anakuja Ijumaa kuangalia bustani, nikataka akute mistari imesimama wima. Nikaiona ile miti imenyooka, mikavu, iko hatua ishirini tu. Nikajiambia Mkurugenzi ana siku sita bado, Jumamosi nitairudisha na hakuna atakayejua. Zamu ya kulisha ilikuwa yangu siku zile, kwa hiyo baba hakuingia bandani kuona.

Na kuna hili, ambalo ndilo linaloninyima raha hata nikiwa peke yangu shambani. Alhamisi ile nilikuwa palepale kwenye nyanya, nafunga kamba. Nilisikia vilio. Nilidhani Mkurugenzi anadai pumba kama kawaida yake, nikasema ngoja nimalize mstari. Nilimaliza mstari, dada. Nikaanza na mwingine.

Baada ya daktari kuondoka nilikata ncha za ile miti na kuipaka matope, baba asije akaitambua. Mtu mzima, miaka thelathini na minne, nimechuchumaa kati ya nyanya napaka miti matope. Nikijiona nilivyokuwa pale natamani kujificha. Usidhani nilifanya hivyo ili nibaki na shamba. Lakini ukidhani sitakulaumu, maana mtu aliyefanya nilichofanya hana haki ya kuchagua adhaniwe nini. Niliogopa uso wake tu. Mwanzoni niliogopa kwa siku moja, kisha uongo ukawa mkubwa kuliko mimi.

Leo asubuhi aliniita bandani, mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama nje ya mlango, akasema kwa kuwa anaondoka inabidi anifundishe kuweka kinga. Akanionyesha shubiri kwa mkono wake, wa kwangu ukiwa mpana zaidi, akaniambia nipunguze kidole. Halafu akasema nisitegemee kichwa changu, niende kuigusa ile miti kila asubuhi na kila jioni, nisije nikasahau kama yeye alivyosahau na kuwaua viumbe wasio na hatia.

Sikuweza tena. Nilimwambia yote, nikimtazama viatu. Nilitegemea anitukane. Alikwenda bustanini taratibu, akashika mti wa kwanza, akakwangua matope kwa kucha mpaka akaona tundu la msumari. Akaweka kidole pale. Akaenda wa pili, na wa tatu, na wa nne.

"Kwa hiyo niliiweka," alisema.

Nikasema ndiyo, baba.

Akaniuliza kuhusu bomba. Nikamwambia ukweli, kwamba bomba alilisahau yeye mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Bomba sawa. Bomba nalikubali." Na dada, alitabasamu. Ningependa mara mia anichape mbele ya majirani kuliko kuona lile tabasamu. Amekaa mwezi mzima akijiona amekwisha, na mimi nikimpikia uji na kumwangalia.

Kisha uso ulibadilika. Alisema habari hii uipate kwa mkono wangu, si kwa mdomo wake, na kwamba mpaka uwe umejua yeye hana la kuongea nami. Alinyoosha kiganja nikampa funguo. Ninavyoandika hapa mezani namsikia bandani, anamwambia mheshimiwa aache kusukuma, kila mtoto atapata nafasi.

Njoo Jumamosi kama ulivyopanga, lakini usije na gari la mizigo. Akitaka kwenda atakwambia mwenyewe, na utamwamini. Mimi nitakuwa nimeshatoka bondeni na vigingi. Nisalimie shemeji na wapwa zangu, na usiwafiche sababu ya mjomba wao kutowatazama machoni mtakapofika.

Begi la baba liko kitandani, limefunguliwa. Redio ameirudisha dirishani, na zile karatasi nimezikuta jikoni amewashia moto. Amebakiza moja tu, ile ya bomba.

Wako mwenye aibu,
Kitindamimba