Mama Hataki Kisu Wala Waya

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefika Namatala jana kutoka Jinja, mwanangu Madinah mgongoni. Mdomo wa Mama umenyooka tena. Ijumaa ulipinda, kikombe kikamdondoka — kisha ikapita, kama mzaha! Leo skani: mshipa wa shingo, upande wa kushoto, umekaribia kuziba. Mafuta. Daktari anasema lile lilikuwa onyo tu. Kiharusi chenyewe kinaweza kumlaza moja kwa moja.

Alhamisi, 6 Februari

Njia mbili. Kupasua shingo, wausafishe mshipa. Au kupitisha waya kutoka kinenani mpaka shingoni, waache humo stenti — kibomba cha wavu cha kuutanua.

Kaka Jibril kaja na boda kutoka Malukhu, makelele: stenti! Nani akubali mamake akatwe shingo? Daktari akamjibu taratibu: kwa umri huu waya unaweza kubandua yale mafuta, yakapanda kichwani. Kisu kina hatari ndogo zaidi ya kiharusi. Ila kinaweza kugusa neva ya sauti.

Mama akainua kichwa. Nyimbo za ngoma ya doluka harusini anaziongoza yeye tangu sijazaliwa.

"Basi huo waya."

"Unaingilia kinenani, Mama."

"Anauweka mwanaume?"

"Ndiyo."

"Nirudisheni nyumbani."

Nilicheka. Halafu nikaenda kulia chooni.

Ijumaa, 7 Februari

Madinah hakulala, nami sikulala. Nimemwambia Mama wazi: sauti ikikwaruza nitaizoea. Kukugeuza kitandani kama gunia, hapana, sitazoea. Akanuna. Baadaye, huku akimbembeleza Madinah, akaniambia: "Haya, kisu. Lakini unipake hina kwanza. Siendi mbele ya watu hivi hivi."

Jumanne, 11 Februari

Siku ya kisu. Sista kafoka! Kile kifaa cha kubana kidole, cha kupima hewa kwenye damu, hakisomi, hina imekolea. Akajaribu kidole cha mguu — hina. Mama: "Binti yangu hafanyi kazi nusu." Wamembana sikioni.

Hawamlazi usingizi. Ganzi ya shingo tu, ili aongee wakati mshipa umebanwa. Akinyamaza, wajue damu haifiki kwenye ubongo.

"Kuongea nini? Nitaimba."

Tuko kwenye benchi, nje ya mlango. Namsikia! Wimbo wa kumtoa bibi harusi. Madinah kalala papo hapo. Jibril anapiga makofi polepole, macho chini.

Kimya.

Jibril ananong'ona: wimbo umeisha.

Haujaisha. Bado kipande cha kumwita mama wa bibi harusi. Hicho hajawahi kukiruka.