Ramani ya Kumi na Moja

Jumatatu, 5 Agosti 1963

Nimekata vioo sita. Kimoja kimevunjika, kosa langu. Gundi imechacha, nimeimwaga.

Kibanda cha Athumani hapa mlango wa pili bado kimefungwa. Miaka ishirini nimefanya kazi nikisikia nyundo yake ikigonga viatu. Alikuwa akisema na mtu huku misumari imejaa midomoni, na hakumeza hata mmoja. Wiki mbili leo tangu tumzike. Sijazoea kimya hiki. Sitaki kukizoea.

Misi Dora, mwalimu wetu wa zamani, amemtuma mpishi wake. Niende Mtongwe kesho nikamfungie picha zake. Arudi kwao Amerika, ndiyo basi tena. Meli yaondoka Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilijua siku hii itafika. Nimeogopa kama mtoto.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda. Kazeeka Misi. Lakini sebule ni ile ile, na dawati letu bado liko dirishani. Hapo ndipo mimi na Athumani tulipojifunza kuandika, watu wazima na ndevu zetu, alasiri mbili kwa wiki. Na daftari la kwanza la kuandika mambo yangu nilipewa naye. "Andika kila siku, Hamisi, hata kama hakuna jambo." Naandika mpaka leo.

Picha zote ziko ukutani. Amerika ya zamani, kazi ya babu zake, zimechapwa kwa wino mweusi na kutiwa rangi kwa mkono. Ya kwanza ni meli imetia nanga, wazungu wa kofia nyeusi wamepiga magoti ufuoni, na wenyeji wa nchi waja na mahindi na bata mzinga. Athumani alipoiona mara ya kwanza alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Misi akataka maana yake, akaelezwa. Akacheka, kisha akaigusa picha. Akasema wenyeji wale wengi wao hawakupona.

Ya saba ni watu wamwaga masanduku ya chai baharini kwa kumkasirikia mfalme wao. Athumani hakuisamehe picha ile. "Chai yote hiyo! Wallahi wendawazimu. Si wangemtupa mfalme!"

Nimezifunga kumi na moja. Zilikuwa kumi na mbili. Kati ya ya kumi na ya kumi na mbili pana nafasi tupu, na msumari wake bado upo. Misi kaugusa ule msumari. Akasema, "Maskini ramani yangu." Nikainama nikatafuta kamba ambayo nilikuwa nayo mkononi.

Jumatano, 7 Agosti

Niandike basi. Sijapata kuiandika hata humu.

Mwaka wa arubaini na saba Misi alikwenda kwao likizo. Mchwa walikuwa wameanza kula fremu zake, akaniachia picha zote nizitengenezee fremu mpya. Nilizitoa, nikazilaza katikati ya magazeti ya zamani. Wiki ile Athumani alikuwa akioa. Zawadi yangu ilikuwa fremu ya picha yake ya harusi, kavaa joho na jambia, kapigwa studio kule mjini. Kadibodi ilikuwa adimu, vita vimekwisha juzi tu. Mbio mbio nikachopoa karatasi nene kwenye lile rundo, upande mweupe ukiwa juu. Nikaipunguza kwa kisu, nikaitia nyuma ya picha, nikapigilia. Vifijo, ngoma, biriani.

Siku ya tatu nikahesabu picha za Misi. Kumi na moja. Ramani ya pwani ya Amerika iko chumbani kwa bwana harusi, nyuma ya mgongo wake.

Zawadi ya harusi haidaiwi. Ningekwenda kusema nini? Misi aliporudi nikamwambia mchwa wameila. Akaniamini papo hapo. Athumani naye nikamwambia vivyo hivyo, akanitania nayo mpaka mwisho wa maisha yake: "Mchwa wa Hamisi hodari! Wamekula Amerika nzima!" Mbele za watu, barazani, msikitini tukivaa viatu. Nami nikicheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Picha ile imo chumbani kwa shemeji Mwanakombo, mjane wa Athumani. Naye ni kizuka, amekaa eda ya mumewe, miezi minne na siku kumi. Mimi si mahramu wake. Siwezi kukanyaga hata ukumbi wa ndani. Nimemtuma dadangu Zuhura aombe picha kwa siku moja tu, niikaze fremu. Zaidi ya hapo sikumwambia.

Amerudi na jibu. Mwanakombo kasema: "Mwambie shemeji, hiyo ndiyo sura ya mume wangu niliyobaki nayo. Haishuki ukutani mpaka nitoke eda."

Haki yake. Lakini meli haitangoja eda ya mtu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefanya jambo la kuona haya. Nimemweleza Zuhura yote, kisha nikamwomba aingie Mwanakombo akiwa bafuni, aitoe ramani haraka, asishuku mtu. Nilishamchagulia na bisibisi.

Zuhura kanitazama hata nikataka ardhi ipasuke. "Umemwibia mzungu, sasa wataka kumwibia kizuka? Huna haya, Hamisi. Baba angekuchapa." Akaondoka bila kunywa chai.

Kweli yake. Barazani watu wabishana juu ya mwambao, ni wa nani, wa Sultani au wa Kenya. Mimi nimekaa kimya. Mtu asiyeweza kurudisha karatasi moja kwa mwenyewe ataamua habari za nchi?

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda Mtongwe mikono mitupu. Masanduku yalikuwa mlangoni. Nikasimama, sikukaa. Nikamwambia yote, tangu kisu mpaka kizuka.

Hakupiga kelele, na ningependa apige. Kasema, "Miaka kumi na sita, Hamisi." Kisha akasema, "Nilimwandikia mamangu juu ya mchwa hao." Mama huyo amekwisha kufa.

Nilidhani atanifukuza. Akachukua kalamu, akaniandikia anwani yake kwa herufi kubwa, kama alivyotuandikia ubaoni. "Mjane asisumbuliwe. Akitoka eda, ikipatikana, nitumie. Hata ikiwa vipande."

Hakunipa mkono. Nikiwa ngazini akaniita. Akauliza kama bado naandika kila siku. Nikasema naandika.

Jumamosi, 17 Agosti

Meli imepita saa nne. Nimeitazama kutoka Mtongwe mpaka ikageuka. Sikupunga mkono. Nimelia kidogo. Kwa Misi, kwa Athumani, kwa lile dawati. Sijui zaidi kwa nani.

Jumamosi, 7 Desemba

Bendera zafungwa kila mahali, Alhamisi ni uhuru. Kazi tele. Kila mtu ataka kiongozi wake kwenye fremu.

Mwanakombo katoka eda. Leo kaniita mwenyewe, Zuhura yupo. Nimemweleza. Hakukasirika. Akaishusha picha, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaniwekea mkekani.

Nimeigeuza. Misumari si yangu.

Mimi hupiga misumari ya shaba, myembamba. Hii ni mifupi, ya kichwa bapa. Misumari ya viatu.

Nikamuuliza shemeji. Akakumbuka: mwaka wa pili wa ndoa picha ilianguka, fremu ikaachana. Alimwambia mumewe, mpelekee Hamisi. Athumani akaifungua, akaitazama kwa ndani muda mrefu, akacheka peke yake. Akasema Hamisi ana kazi nyingi, tusimsumbue, nitaifunga mwenyewe. Nami fundi wa fremu niko mlango wa pili.

Alikuwa akijua. Miaka kumi na minne ya mchwa hodari, na alikuwa akijua. Mbele ya Misi hakutamka. Alikuwa akiningoja mimi.

Ramani ni nzima. Nimekata bahari kidogo tu, upande wa kulia. Nimeizungushia kadibodi nene, nimeandika anwani kwa herufi kubwa. Jumatatu posta.

Nyuma ya Athumani nimetia kadibodi mpya. Misumari ya viatu nimeirudisha kwenye matundu yake, mmoja mmoja. Ya shaba niliyokwenda nayo nimerudi nayo mfukoni.