Sufuria Ndogo ya Bwana Randu

Ukunda,
Jumatatu

Ndugu yangu Alamin,

Asalaam aleikum. Mguu wako umepoa? Wifi yangu je, na watoto hapo Majoreni? Sisi afya tunayo, alhamdulillahi; roho ndiyo iliyochafuka.

Jana ulinipigia ukasema Chiku amwombe radhi Bwana Randu. Nilikata simu kwa kuwa ningekutukana, nawe ni ndugu wa tumbo moja. Basi nakuandikia, nawe usome mpaka mwisho.

Mwanangu, wa kwanza mtaani kwetu kusomea kompyuta, tena kwa alama zilizomfanya mwalimu wake anipongeze mimi mzazi, ndiye anayetunza seva ya hospitali yao, ile kompyuta kubwa yenye mafaili ya wagonjwa wote. Ilipoanza kulemewa, Chiku alisema iwekwe memori kubwa, pale seva inaposhikia kazi ya wakati huo, hata kama kasi yake ni ya wastani. Randu, kwa umeneja wake, akataka ndogo yenye kasi kali, ati muuzaji amemwambia kasi ndiyo mambo.

Mimi sikusoma sana, lakini hilo nililielewa kabla chai haijapoa. Nimepika pilau za harusi kutoka Tiwi mpaka Msambweni, na hajatokea wa kulalamika. Watu mia tatu huwapikii kwa sufuria ndogo ati kwa sababu moto ni mkali! Utapika, utapakua, utapika tena, na bwana harusi ameshasinzia. Chiku alicheka, akasema ndivyo hasa: memori ikijaa, seva huhamishia kazi kwenye diski, na huko ndiko inakokwama.

Ikawekwa ile ya Randu. Jumatatu iliyopita, siku ya kliniki ya wajawazito, mafaili yaligoma kufunguka. Jirani yangu Mbodze, mimba ya miezi minane, alikaa sakafuni hadi adhuhuri akarudi bila kuonwa, miguu imevimba kama maandazi. Na Randu, haya hana, akasimama mbele ya wauguzi akasema binti ndiye aliyemshauri vibaya. Chiku amesimamishwa kazi. Alhamisi anaitwa mbele ya kamati, na akifukuzwa kwa kosa hilo, nani atamkabidhi seva nyingine?

Ukaniuliza, kama alipinga, mbona hakuandika? Katibu wa kamati naye alimuuliza vivyo hivyo. Mtoto akainamisha kichwa, akasema hakuandika.

Aliandika, Alamin. Ukurasa mzima, na tarehe na sahihi. Alinisomea kabla ya kuupeleka, nami nikamnyang'anya. Nikamwambia Randu ni rafiki wa mjomba wako, ndiye aliyekupa kazi, na mkubwa havuliwi nguo hadharani. Akatii. Sasa anabeba lawama ili mamake asiaibike.

Ukurasa ninao, chini ya leso zangu. Alhamisi nitaupeleka mwenyewe, nami nitasema ni nani aliyeuzuia. Sikuombi ruhusa. Rafiki yako ataaibika, nami pia nitaaibika, lakini mwanangu atatoka mle ndani akiwa msafi.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Ukija siku hiyo, kaa upande wetu.

Dada yako, na hasira zangu zote,
Maimuna, mamake Chiku