Aligundua Koloni

Jumatatu, 6 Oktoba
Chumba namba nne cha makumbusho, kama kawaida. Kiti kilekile, miguu inauma. Yule bwana wa kwenye picha ananitazama, mhisani aliyewachukua maskini wa London akaenda kuwaanzishia koloni ng'ambo. Miaka kumi na moja nalinda picha yake. Maelezo yake ya Kiingereza nayajua kwa kichwa. Leo meneja katangaza kwamba ukutani utawekwa ubao wa Kiswahili pia. Nikafurahi mpaka nikasimama. Kazi ya kutafsiri kapewa Salma wa tiketi.

Jumanne, 7 Oktoba
Eti kwa sababu ni wa Unguja. Meneja kasikia mahali kuwa Kiswahili safi ni cha kule. Mimi wa Tabora nazungumza nini, Kijerumani? Salma kaletwa London ana miaka tisa! Nina wivu. Naandika wazi, humu sina wa kumficha. Nilitaka kitu kimoja tu ndani ya chumba kile kiwe na jina langu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wakati wa chai Salma kaniletea karatasi. "Kaka Rajabu, hebu nipitishie macho hii, tafadhali. Deadline kesho, na wewe ndiye unayemjua huyu bwana." Kaniachia na vitumbua viwili. Vitamu. Hilo nalo limeniudhi.

Nimeisoma kwenye treni kurudi nyumbani Walthamstow. Nzuri, kusema kweli. Ila mstari wa kwanza: "Mhisani huyu aligundua koloni." Kachanganya founded na found! Alianzisha, dada, alianzisha. Nimecheka peke yangu, jirani akahama kiti.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemrudishia. Nimemwambia iko sawa. Kashukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Waje wenye Kiswahili chao waisome.

Jumatano, 15 Oktoba
Sina raha. Mara mbili nimefika mlangoni pa tiketi nimwambie. Mara mbili nimemkuta anacheka na meneja. Nikarudi kwenye kiti changu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Uzinduzi. Ubao ulitundikwa jana, siku yangu ya mapumziko. Watu wa chama chetu cha Watanzania wa London wamejaa, Salma kapendeza, anapigwa picha. Mzee Hamadi, mwalimu mstaafu, akaanza kusoma kwa sauti. Akasita palepale.

"Aligundua koloni? Kwani lilikuwa limejificha wapi?"

Chumba kizima kicheko. Salma akainamisha kichwa. Nakiri, nilifurahi. Kisha mzee akasogeza miwani, akasoma mstari wa chini kabisa: "Mhakiki: Rajabu Kasanda." Akageuka kunitafuta.

"Rajabu, si wewe huyu?"

Salma aliniwekea jina bila kuniambia. Meneja kasema alilipigania.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mvua. Wageni wachache. Salma kaja chumbani kabla hatujafungua, macho yamevimba. "Nisamehe, kaka. Kosa langu, na aibu nimekutia wewe. Ningejua umechoka vile, nisingekupa kazi ya kusoma." Nikamwambia haidhuru, yameisha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mimi nikaupokea.

Ubao uliosahihishwa hauji mpaka Desemba. Nimekisogeza kiti upande wa dirishani, mbali na ubao. Jina bado linasomeka.