Ini Lako Linaujua Umri Wako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. U hali gani? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima, ila shemeji yako tangu astaafu ameamua kujifunza kupika, na sufuria yangu kubwa imeungua kitako. Nimemsamehe kwa kuwa anajitahidi.

Picha ya majibu yako ya damu niliipata. Wifi naye alinipigia siku hiyohiyo: "Wifi, kaka yako anaimba bafuni! Daktari kasema ini halina makovu, sindano haipo tena!" Nilicheka mpaka wenzangu wa maabara wakauliza kuna nini. Najua ulivyoiogopa ile sindano ya kuchukua kinyofu cha ini, wewe unayeingiza mkono kwenye mitambo ya kiwanda bila kupepesa jicho.

Daktari wako alifanya vizuri. Ilishajulikana kwamba ini lina mafuta. Kilichobaki ni kujua kama yameanza kuacha makovu, na siku hizi hatukimbilii kumdunga mtu. Tunachukua damu kidogo, tunapima vimeng'enya viwili vya ini na zile chembe zinazogandisha damu, tunaweka na umri wa mgonjwa, tunapiga hesabu. Ikiwa chini ya moja nukta tatu, tunamwambia apunguze tumbo, arudi baadaye. Yako imetoka moja nukta mbili.

Jioni nikaitazama tena ile picha, kwa raha tu. Ndipo nikaona palipoandikwa umri: miaka hamsini na minne. Kaka, mimi nina hamsini na minane! Tangu lini nimekuwa dada yako mkubwa, na wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kunipeleka shule?

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Nikachukua kalamu, nikaweka miaka yako ya kweli, sitini na mitatu. Ikatoka moja nukta nne. Nikarudia mara tatu, ikawa ileile.

Usishtuke. Haina maana kwamba ini limeharibika. Ina maana tu kwamba bado hatujui, na hupaswi kuambiwa uende nyumbani. Kuna mashine inayopitisha mtikisiko ubavuni na kupima ugumu wa ini. Haichomi, haiumi, dakika kumi umemaliza. Lakini kama makovu yapo na wewe umekaa kimya, yataendelea kukua, maana ini halina tabia ya kulalamika mapema.

Najua kwa nini hukusema. Kiwandani hawakuwa wakichukua mtu aliyepita thelathini, tukakupunguzia miaka tisa, umri huo ukaingia mpaka kwenye kadi ya matibabu ya kiwanda, na sasa unaogopa ukifungua mdomo watakustaafisha kesho yake. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwani simu yako unaiweka spika mbele ya karakana nzima. Daktari si meneja wako, kaka. Anayoyasikia chumbani mwake hayatoki. Funga mlango, umwambie.

Mwandiko wa ile fomu ya kuombea kazi ni wangu, hilo hatujawahi kulizungumza. Wewe ulitaka tupunguze mitano tu. Mimi ndiye niliyesema tisa, ili uonekane kijana, na nikajisifu kwa ujanja wangu. Juzi nimelia juu ya karatasi ya hesabu kama mtoto. Nakuomba, usiache kalamu yangu ikuue.

Msalimie sana wifi, na Bonge, mjukuu wetu, mwambie shangazi wa baba yake anamkumbuka. Ukishatoka kwa daktari nitumie neno moja tu, "Nimesema," nipate usingizi.

Mungu akujalie miaka mingi, na yote iwe ya kweli.

Mdogo wako akupendaye kupita anavyoweza kuandika.