Ua Lililoota Juu Yako

Ndugu yangu Salumu,

Nakuandikia nimekaa juu ya kitanda chako. Siku hizi kitanda changu anakilalia Mbena mmoja mpole, ila anakoroma kukushinda. Mkonge ni ule ule, na mikono yangu bado inachanika.

Juu ya kaburi lako limeota ua. Hakuna aliyelipanda. Ni lile la manjano la petali nne, la kando ya reli ya kubebea mkonge, ulilokuwa ukinisimamisha tulitazame likifunguka wakati wa magharibi, na mimi njaa inaniuma. Ukanicheka: "Wewe Juma, ukiona jani unaona kazi tu."

Sasa nalijua. Jua likizama linafunguka mbele ya macho yako, nondo wanalijia, asubuhi limesinyaa. Linaacha kitumba kirefu cha mbegu. Nikaazimia kumpelekea mama yako mbegu hizo, apande kwake, awe na kitu kilichotoka kwako.

Mwaka wa kwanza nilivichuma vitumba vibichi, vikaoza. Mmea nao ukakauka mpaka mzizi. Nililia, nikidhani nimeuua. Kumbe ndivyo ulivyo, ukishazaa unakufa. Mvua zikaja, ikaota mingine kutokana na vitumba nilivyovisahau.

Mwaka wa pili nilichelewa. Vitumba vikapasuka pande nne, upepo ukamwaga mbegu zote mchangani. Nikasema basi, mwakani, nikatia sahihi mkataba mwingine. Salumu, sikuchelewa kwa bahati mbaya. Nilipita pale kila jioni nikiviona vinakauka. Vilipopasuka, nilifurahi.

Namwogopa mama yako. Wewe hukutaka kuja pwani. Mimi ndiye niliyekwenda kukuombea ruhusa, nikakaa kwenye kigoda chake, nikala ugali wake, nikamwambia, "Mama, tutarudi wote." Akanijibu, "Tanga siijui. Nakujua wewe." Homa ilipokuchukua, nilimtuma mtu akampe habari. Na miguu ninayo.

Mwaka huu mbegu nimezipata. Niliviacha vitumba vikauke juu ya shina, ncha zilipoanza kuachana nikavikung'utia kwenye kitambaa. Mbegu ni za kahawia, ndogo kama tumbaku ya kunusa. Sina tena la kusingizia. Mkataba umekwisha, nyapara ananiita nikatie sahihi, sijaenda.

Naondoka Ijumaa baada ya sala, kwa lori. Kaburi lako nimelipalilia pembeni tu, katikati nimeacha.

Lala, ndugu yangu. Mungu akupe nafasi na hewa nzuri huko uliko. Nakuahidi jambo moja: sitatanguliza mbegu. Nitamwambia mama yako kwanza kwamba ni mimi niliyekuleta huku, na kwamba nimekaa miaka yote hii kwa woga. Anitukane. Akishachoka kunitukana, ndipo nitakapofungua kitambaa.

Ni mimi,
Juma