"Haya, Nenda" ya Mama

Mama, nimepeleka baiskeli kwa fundi aninyooshee rimu ya nyuma. Maji ya kunywa nimeshachemsha, yaache yapoe. Dada, ukitoka funga mlango wa uani, na mkono wako usiguse mkoba wangu wa safari!

Mama, leo asubuhi nilipokuomba ruhusa ya kwenda kwa Bibi kwa baiskeli, likizo hii ya chuo, mikoa mitatu mbele, ulisema, "Haya, nenda." Nikashukuru mpaka nikarukaruka. Wewe ukabamiza mlango. Sasa sielewi: ile ilikuwa "nenda" ya kwenda, au ya "thubutu uone"? Maana nilipofagia chumbani kwako nilikuta umeficha pampu yangu uvunguni. Halafu mkoba nao umeushona pale ulipochanika, kwa ule uzi wako usiotaka tuuguse. Nishike lipi?

~~Basi, siendi.~~ Bado nataka kwenda. Nikirudi nikaikuta pampu mezani, nitajua umekubali. Ikiwa bado uvunguni, nitatulia nyumbani, wala sitanuna. ~~Nitanuna kidogo.~~

Ila "haya, nenda" usiniambie tena, Mama. Niambie tu, "Ukifika, nipigie."

Kitindamimba wako